Jeneza Halikupita Getini

Mume wangu alipitishwa juu ya vichwa vya watu akiwa ameshakufa, na uwanja mzima ukacheka.

Nilikuwa nimelala chali kwenye ngazi za zege, mkono mmoja umegeukia upande ambao mkono haugeukii, nikamwona anakuja. Wanaume wa juu walimnyanyua wakawapa wa chini yao, nao wakawapa wa chini zaidi, hivyo hivyo kama gunia la mkaa linaloshushwa kwenye lori, wanamtelemsha kuelekea kwenye majani walikosimama watu wa huduma ya kwanza na machela zao. Alikuwa amevaa sanda. Puani ana pamba. Watu walipoona sanda na pamba wakajua ni yeye, Maiti wetu, mchekeshaji wa tawi letu la mashabiki, yule ambaye kila siku ya mechi ya watani analala ndani ya jeneza lenye rangi za wapinzani, anabebwa, analiliwa kilio cha uongo, halafu akifikishwa jukwaani anakaa kitako ghafla na kuuliza, "Ngapi ngapi?"

Basi wakaanza kumwimbia. Upande wetu na upande wa watani, wote kwa pamoja. "Amka! Amka! Amka uulize ngapi ngapi!" Na makofi. Jamaa mmoja aliyekaa karibu na nilipolala akanigeukia, meno yote nje, akasema, "Mama, leo kaigiza mpaka shingo imelegea. Huyu mtu noma!" Nilifungua mdomo nimwambie huyo ni mume wangu na hapo haigizi. Sauti haikutoka. Mbavu zilikuwa zimevunjika, nikivuta pumzi naona kama nimemeza kisu.

Nimeona maiti katika maisha yangu. Nimemwosha bibi yangu, nimemwosha mama yangu kwa mikono hii. Maiti inayopigiwa makofi nimeiona mara moja tu, na ilikuwa ya kwangu.

Waliocheka siwalaumu. Ninaowalaumu nitawataja kwa vyeo vyao, majina wanayajua wenyewe. Na ninachotaka ni kitu kimoja. Limesomwa neno redioni kwamba jeneza la mzaha la mume wangu ndilo lililoziba geti siku ile na watu wakafa. Kwa neno hilo binti yangu anaitwa shuleni, "mtoto wa jeneza." Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliyezika mwanawe kwenye ajali ile ile, haitikii salamu yangu. Nataka neno lile lifutwe, na mwenye dhambi yake aibebe mwenyewe.

Sie ni watu wa Temeke. Mume wangu alikuwa kuli bandarini kazi ikiwepo, na isipokuwepo anakwenda kubeba zege popote panapojengwa. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti kubwa, na hajuagi kukaa kimya. Asubuhi chai haijachemka keshafungulia redio kipindi cha michezo, na miaka ile watangazaji walikuwa na wimbo mmoja tu, viwanja vya gharama kubwa duniani. Yeye alivimeza vyote. Ananihadithia huku anamenya kiazi.

"Mama watoto, Marekani kuna uwanja paa lake linafunguka na kujifunga kama jicho la mtu. Uingereza wana mwingine, majani yamewekwa kwenye sinia. Wakitaka yanaingia chini ya ardhi, wakitaka yanarudi."

"Na vyoo vya wanawake vipo?"

"Wewe kila kitu vyoo! Nakwambia majani yanaingia chini ya ardhi!"

"Nimesikia. Nauliza vyoo."

Halafu wakatutangazia na sie tunajengewa wa kwetu. Kule juu ukishapita Ukonga, palipokuwa na mikorosho. Wakubwa walisimama wakasema huu utatajwa pamoja na hiyo ya Ulaya, mabilioni kwa mabilioni, na anayelalamika bei ya unga haipendi nchi yake. Mume wangu alifurahi kama kajengewa nyumba. Akaenda akaomba kibarua hapo hapo, akapata. Kwa muda mrefu alikuwa anarudi nyumbani nywele nyeupe kwa vumbi, ana habari.

Kazi yake ilikuwa kubeba marumaru za jukwaa kuu. Anasema humo ndani kuna viti vya ngozi vimefungwa nailoni, huruhusiwi hata kuviegemea. Kuna bomba hulishiki, unaweka mkono chini na maji yanakuja yenyewe. Kuna lifti ya mgeni rasmi peke yake. Kuna ukuta wa kioo kuanzia juu hadi chini ili wakubwa waangalie mpira wakiwa kwenye kiyoyozi.

"Na huko kwetu mzunguko?" nikamuuliza. Mzunguko ndiko wanakokaa watu wa kiingilio kidogo, ndiko sie.

"Mzunguko zege tupu, lakini zege zuri," akasema. Kisha akacheka. "Leo nimemuuliza msimamizi wa ujenzi, bosi, mbona njia ya kuingilia mzunguko nyembamba hivi, kama uchochoro wa kwetu? Unajua kanijibu nini? Kaniambia, nyie watu wa mzunguko mmezoea kubanana, mkipewa nafasi mtapotea."

Alicheka, na mie nikacheka. Ulikuwa ni utani mzuri. Wewe msimamizi wa ujenzi uliyesema maneno hayo umesimama juu ya marumaru alizobeba yeye, nakuweka wa kwanza.

Lazima nieleze habari ya jeneza, maana waliolisema redioni hawakueleza.

Mume wangu alikuwa Mzaramo. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu mababu. Mtani wako akifa, unakwenda msibani kumcheka. Unavaa nguo zake, unaigiza anavyotembea, unaingia kaburini unalala na kusema halijachimbwa vizuri, marehemu alikuwa na tumbo. Wenye msiba wanalia huku wanacheka, na ndivyo wanavyopona. Mume wangu alikulia humo. Alichofanya ni kuuchukua utani wa msibani kuupeleka kwenye mpira. Timu yetu rangi ya chungwa, watani wetu zambarau. Akapigilia jeneza la plaiwudi, akalipaka zambarau, akajinunulia bafta, nguo ile ile wanayozikiwa watu. Siku ya mechi anajifunga bafta, anajitia pamba puani, anaingia ndani, vijana wa tawi wanambeba, na sie wanawake tunafuata nyuma tunalia, "Uwiii, zambarau imekufa, nani atatulipia kodi!"

Mama mkwe hakupendaga. Alimwambia mbele yangu, "Mwanangu, bafta haivaliwi kwa mzaha."

"Mama, naizoea mapema. Siku yake ikija isinibane."

"Haya. Maneno huumba."

Hata watani wenyewe walimpenda. Kama hayupo mechini wanauliza, "Maiti wenu yuko wapi, anaumwa?" Na yeye akisikia hivyo anakufa kwa raha.

Siku ya kufungua uwanja waliweka mechi ya watani. Tulikodi fuso, tawi zima, tumeifunga vitambaa vya rangi ya chungwa. Yeye ndani ya jeneza, mfuniko wazi, anapunga watu barabarani. Tulipopita jela kubwa ya Ukonga akajiinua kidogo akapaza sauti kuelekea ukutani, "Wafungwa shikamooni! Nyie mko ndani, lakini mie niko ndani zaidi!" Fuso zima tuliangua kicheko mpaka dereva akapunguza mwendo. Nakumbuka nilimpiga kwa upande wa khanga, nikamwambia ayaache hayo. Jua lilikuwa kali, anatokwa jasho, pamba imelowa, anaitoa anatia nyingine.

Tukafika. Kwa mbali uwanja ulikuwa unang'aa kama sufuria mpya. Uzio wa nje una walinzi, na hapo ndipo jeneza liliposimamishwa. Nalisema hili polepole ili kila mtu alisikie. Jeneza lilisimamishwa kwenye uzio wa nje, kabla ya kona, kabla ya ule ujia, kabla ya mageti.

Mlinzi alisema, "Mbao haziingii."

Mume wangu akiwa amelala, macho kayafumba, akajibu, "Hii si mbao, huyu ni marehemu."

"Marehemu aingie kwa miguu."

Watu walicheka wakaegemeana. Hata mlinzi akacheka, lakini hakulegeza. Ikabidi marehemu afufuke, ajipanguse bafta, atafute pa kuliweka jeneza lake. Pembeni ya uzio alikaa mama mmoja mnene, khanga ya zambarau, anakaanga mihogo. Alivyoongea tu ukajua ni Mnyamwezi. Basi ikawa mtani mara mbili, wa kabila na wa mpira.

"Mzaramo!" akamwita. "Hata jeneza limekushinda kulibeba? Nyie mnaweza nini zaidi ya ngoma?"

"Mtani, nitunzie kitanda changu. Mechi ikiisha nakuja kulala."

"Ukichelewa nalifanya kuni. Mihogo yangu haiivi."

"Likiungua hilo, utanizika kwenye kikaango chako."

"Kikaango hakikutoshi. Angalia tumbo hilo!"

Akalisogeza nyuma ya mkaa wake, akaweka ndoo ya mihogo juu yake kama meza. Ndivyo tulivyoliacha. Mume wangu akaingia na bafta yake tu mwilini na pamba yake puani, akasema atalala mikononi mwa vijana bila jeneza, mzaha ni ule ule.

Ujia wa kwenda mzunguko una kuta ndefu pande zote mbili, umepinda, aliye nyuma hamwoni wa mbele. Mwisho wake mageti manne. Matatu yalikuwa na minyororo. Lililobaki lilikuwa na ile mashine ya kuzunguka ya kusoma kadi, waliyoisifu sana redioni kwamba imetoka Ulaya. Ilisoma kadi kadhaa, ikafa. Mtandao umekata. Mlinzi aliyekuwa upande wa ndani wa vyuma anaipiga kofi kama redio mbovu.

Sie tulikuwa karibu na mbele. Mume wangu akamuuliza vizuri tu, "Kijana, fungua hayo matatu basi."

"Huko hapafunguliwi, mzee. Upande wa huku ndani wamepanga magari ya wageni. Meneja kasema watu wasiyakwaruze."

"Funguo ziko wapi?"

"Anazo mkuu wa ulinzi."

"Naye yuko wapi?"

Yule mlinzi akanyoosha kidole juu, kule kwenye ukuta wa kioo. "Kapanda na meneja kumpokea mgeni rasmi."

Mpira ukaanza. Tukasikia kelele za ndani, ile kelele ya bao linalokaribia, na waliokuwa nyuma yetu hawajui habari za mtandao wala minyororo, wanajua wamelipa na mechi imeanza bila wao. Wakasukuma. Hawakusukuma kwa ubaya. Kila mtu alisukuma kidogo tu, kidogo cha kila mtu kikafika mbele kikiwa kingi.

Mwanzoni tulitaniana. Yeye akipaza sauti, "Jamani msinibane, mie nimeshaoshwa!" Watu wakacheka, na kicheko kikakatika katikati kwa sababu hakuna nafasi ya kuchekea. Kifua hakifunguki. Nikasikia mwanamke nyuma yangu anasoma shahada. Miguu yangu haikuwa chini tena, nimesimama juu ya hewa. Wengine wa mbele wakawa wanaita, "Rudini! Tunakufa huku!" na sauti za nyuma zikajibu, "Chungwa mnakufa mapema, mechi haijaanza vizuri!" Walidhani ni maneno ya siku zote. Siku ya watani nani asiyesema anakufa?

Hapo mume wangu akaacha mzaha. Akaniambia kwa sauti ya nyumbani, sauti ambayo watu wa tawi hawakuwahi kuisikia, "Mama watoto, panda." Sijui alipata wapi nguvu. Alinishika kiuno akaniinua kama anavyoinua mzigo wa bandarini, nikamkanyaga begani. Juu ya ukuta kulikuwa na ngazi za watu waliokwishaingia, wakainama wakanishika mkono mmoja wakavuta. Mkono ukatoka kwenye bega lake, nikausikia. Mbavu zilipita kwenye ncha ya ukuta. Nilipogeuka kumtazama niliona bafta tu, nyeupe, katikati ya vichwa, na uso wake umeinuliwa juu unatafuta hewa. Pamba bado iko puani. Nikampigia kelele, toa pamba! Mikono yake ilikuwa imebanwa chini. Asingeweza kujitoa pamba.

Waliovunja lile geti ni watu wenyewe, kwa mikono na mikanda, si mlinzi wala mwenye funguo. Lilipong'oka waliokuwa mbele walimwagika ndani. Wazima wakawanyanyua wale waliolala. Wakamnyanyua na yeye. Hayo ndiyo niliyoyaona kutoka kwenye ngazi, na nimeshayasema. Mechi haikusimamishwa. Watu wa kwenye kioo walibaki kwenye kioo. Mpaka leo mtu akitaka kunitajia matokeo ya siku ile namwambia anyamaze. Ngapi ngapi sijui, na sitaki kujua.

Muoshaji aliniambia kitu ambacho sikukitaka. Alisema alitoa pamba aliyojitia mwenyewe, akatia nyingine. Na bafta, walimvua ile wakamvisha mpya, maana ile ilikuwa imejaa alama za viatu. Mama mkwe alikaa pale kwenye mkeka hakusema "nilikuambia." Alisema tu, "Haikumbana." Mie najua ilimbana, lakini sikumbishia mzazi.

Siku ya pili ya msiba, watu wamejaa mpaka barabarani, tukasikia guta la mizigo linakuja linapigiwa kengele. Juu yake liko jeneza la zambarau. Wanawake wakapiga ukelele wakakimbilia ndani. Nyuma ya guta anatembea yule mama wa mihogo, jasho linamtiririka, katoka nalo kule juu ya Ukonga mpaka Temeke. Katuulizia kwa kuuliza tu, Maiti wa chungwa alikuwa anaishi wapi.

Akasimama mlangoni akasema kwa sauti, "Nyie Wazaramo! Mtani wangu aliniachia kitanda chake akasema mechi ikiisha anakuja kulala. Nimengoja, hakuja. Nimekaanga mihogo, nimefunga biashara, hakuja. Ni tabia yenu kuacha vitu vyenu kwa watu!"

Halafu akaingia ndani ya lile jeneza. Mwili ule mnene, akalala, akafumba macho. Akakaa kitako ghafla, akauliza, "Ngapi ngapi?"

Nililia siku ile kuliko siku ya kuzika. Na nilicheka. Mbavu zilizovunjika ziliniuma mpaka nikashikwa na watu wawili, na bado nilicheka. Alikaa kwangu mpaka matanga yalipoanuliwa, anapika, anawatukana Wazaramo, anamlaza binti yangu.

Katibu wa tawi letu naye alikuja. Kaleta viti, kala pilau, kaniambia, "Shemeji, tawi liko nyuma yako." Aliliona jeneza pale uani. Aliligusa kwa mkono. Katibu, usije kusema hukuliona.

Kamati ya kuchunguza ajali ikaundwa. Walikaa ofisini, Kinondoni, wakaita watu waliowataka. Mie sikuitwa. Wala mama wa mihogo. Wala yule mlinzi aliyecheka akasema marehemu aingie kwa miguu, huyo nasikia walishampeleka mkoani. Siku ya kutoa majibu nilikuwa naosha vyombo, redio ya mume wangu dirishani. Msemaji wa kamati akasoma kwa sauti laini kwamba mashabiki waliingiza kitu kikubwa cha mbao mfano wa jeneza, kikakwama kwenye geti, kikazuia watu. Kwamba hayo yamethibitishwa na kiongozi wa mashabiki wenyewe. Kwamba kuanzia sasa utani wa namna hiyo marufuku. Akaisifu mashine. Akasema uwanja wetu bado ni wa fahari. Minyororo hakuitaja.

Kiongozi wa mashabiki ni nani kama si katibu wetu? Nilikwenda kwake hivyo hivyo na mikono ya sabuni. Nilimkuta barazani, shingoni kavaa kadi mpya inaning'inia, ya kuingilia jukwaa kuu.

"Shemeji karibu, kaa."

"Sikai. Jeneza liliingia getini?"

Akatazama chini. "Shemeji, tuongee kama watu wazima. Ilibidi kuwepo sababu."

"Sababu ipo. Minyororo."

"Ukisema minyororo unamtaja meneja. Unamtaja mkuu wa ulinzi. Hao watu wako hai, wana watoto, watafungwa." Akanisogelea, na kitu kilichoniumiza ni kwamba aliongea kwa upole, kama ananifariji. "Marehemu hafungwi, shemeji. Hakuna wa kumpeleka Ukonga. Tumwachie yeye. Alikuwa mtu wa watu, mwenyewe angekubali."

Sikumpiga kwa sababu mkono wangu wa kulia hauinuki tena juu ya bega. Nilimwambia, "Huyo unayemwachia yeye amenibeba begani. Wewe umembebesha maiti za watu." Nikaondoka. Nikafika mtaani nikakutana na jirani yangu anaanika nguo. Nikampa salamu. Akachukua beseni lake akaingia ndani.

Nilimpigia mama wa mihogo. Hakuniuliza maneno mengi, akasema, "Kesho naja na guta." Tukalipakia jeneza, tukavuka nalo mji kutoka Temeke mpaka Kinondoni. Watu wa njiani hawakujua, wakawa wanasimama. Wanaume wanavua kofia. Bodaboda zinapunguza mwendo. Mie nimekaa pembeni nimelishika, na kwa mara ya kwanza lile jeneza lilipewa heshima ya jeneza.

Mlangoni pa ofisi ile kulikuwa na mlinzi. Akatutazama, akatazama guta.

"Mbao haziingii," akasema.

Mama wa mihogo alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Umesikia, mke wa Mzaramo? Umesikia? Haziingii! Basi mwambie bosi wako atoke nje aseme hivyo hivyo redioni, kwamba mbao haziingii!"

Akatoka mama mmoja wa tai na miwani, hakushuka hata ngazi. Akasema kamati imeshamaliza kazi. Tukamwambia hatutaki kitu, tunataka alitazame tu. Ashuke, alizunguke. Geti lile ni chuma kitupu, walioling'oa walikatwa vidole. Jeneza la plaiwudi lililokwama pale, likakanyagwa na watu wote wale, lingebaki hata ubao? Hili hapa lina rangi yake yote. Lina doa la mafuta ya mihogo tu, juu ya mfuniko, palipowekwa ndoo. Akasema, "Poleni sana mama zangu," akarudi ndani. Hakulitazama.

Sasa liko kwangu uani, limeegemea ukuta. Nimelifunika turubai mvua isilile, maana ndilo shahidi pekee ambaye hawajampa kadi.

Juzi mchana nilikuwa napepeta mchele nikasikia turubai linavutwa. Jirani yangu. Hakubisha hodi. Kalifunua, anapitisha mkono kwenye kingo, pembe kwa pembe, kama mtu anayempapasa mgonjwa. Akainama akaangalia chini yake. Sikusogea.

"Ndilo hili?" akauliza, hajanitazama.

"Ndilo."

"Halikuingia?"

"Liliachwa nje kwenye uzio. Aliyelitunza yupo, nitakupeleka kwake."

Mkono wake ukafika kwenye doa la mafuta ukabaki hapo. Kisha akaniuliza, "Basi nani kaniulia mwanangu?"

Nikamweleza nilichoweza. Minyororo, magari ya wageni, funguo zilizopanda lifti. Akasikiliza. Akalifunika turubai vizuri kuliko nilivyolifunika mie, akaondoka bila kuaga. Salamu bado haitikii. Nimemwelewa, hawezi kushikana mkono na mtu huku hajui wa kumshika koo ni nani.

Kwa hiyo nauliza kwa niaba ya wawili, na nauliza mbele ya wote mnaosoma. Wewe meneja wa uwanja, nani alikuambia magari yana thamani kuliko kifua cha mtu? Ilikuwa amri yako au ya aliye juu yako? Mtaje. Wewe mkuu wa ulinzi, ulipokuwa kwenye kioo, funguo mfukoni, hukusikia? Wewe msemaji, futa neno lako kwenye redio ile ile na saa ile ile uliyolisomea, binti yangu asikie. Na wewe katibu, vua kadi hiyo uje hapa uani, usimame mbele ya jirani yangu, uweke mkono juu ya jeneza hili uape kwamba uliliona getini.

Mlango wangu hauna mlinzi. Jirani yangu yuko kwake, mie niko kwangu, ukuta mmoja katikati, tunangoja. Nani alifunga mageti?